Ofisi Inataka za Asili

Tangazo kwenye mlango wa ofisi ya viza, pale Manila, lilisema wazi kwamba mwombaji alete kopi, na hati za asili aje nazo za kuonyesha tu, kisha arudi nazo kwake. Bahati mbaya liliandikwa kwa herufi ndogo. Bahati nzuri, kwa upande wa Crispulo Abrenica.

Kila asubuhi Crispulo alisimama kando ya duka la fotokopi, shati limenyooka, kitambulisho shingoni ambacho hakuna aliyewahi kukisoma, akiwaonea watu huruma. Alichukua hati zao za asili "kuzifikisha ndani", kisha baada ya wiki akawaambia zimekwama, zinakombolewa kwa peso elfu hamsini. Msichana mmoja, Luningning, alikuwa anangojewa na hospitali moja huko Toronto, na cheti chake cha uuguzi kililala chini ya godoro la Crispulo. Alipolia, Crispulo alimpa chupa ya maji. Akamtoza bei ya maji.

Siku hiyo akamwona Aling Rufina, bibi mwenye bahasha nono. Akauchukua mkono wake, akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe kama mtoto aliyelelewa vizuri, akamwita Nanay, yaani mama.

"Kopi, Nanay? Kopi wanafungia karanga! Wanataka za asili. Mimi mwenyewe nilitoa za asili, tazama, Jumamosi naruka." Akafungua pasipoti yake, yenye viza mbichi ya Kanada. Safari ilikuwa ya haraka, maana wanaomtafuta walianza kuwa wengi.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema bibi. "Basi niachie hiyo."

"Hii?"

"Hata kuingia jengo lolote mjini hapa, mlinzi anabaki na kitambulisho chako. Wewe unaingia kwenye shamba langu."

Crispulo akatoa kitambulisho cha shingoni. Bibi akakipindua, akacheka. "Hiki si ndicho wanachofungia karanga?"

Crispulo akachungulia bahasha. Hati ya shamba, hekta tatu, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, vyote vimepigwa plastiki ngumu. Akina mama wa mji huo hupiga plastiki kila karatasi wanayoiheshimu, na hajawahi kuonekana hata mmoja aliyeharibu plastiki yake kwa kopi. Akatoa pasipoti, akachukua bahasha. Alhamisi angeikomboa kwa shamba la watu.

Alhamisi akaanza kwa uso wa msiba. "Nanay, hati zimekwama. Elfu hamsini."

"Kaa nazo tu," alisema Aling Rufina, akitafuna bibingka, keki ya mchele, bila haraka. "Nilizitoa kwenye mashine hiyo iliyo nyuma yako, za rangi. Plastiki ndiyo iliyonigharimu."

Crispulo akageuka kuitazama mashine, kana kwamba imemsaliti.

"Mimi ninataka cheti cha mjukuu wangu, Luningning, na cha kila mtu uliyemshikia hati. Vyote, leo. Kisha nikupe bahasha yako ya pasipoti."

"Nanay, unanitapeli!"

"Nakuonea huruma, mwanangu. Jumamosi si mbali."

Akakimbia hadi kwake, akarudi jasho linamtiririka, kakumbatia hati za watu ishirini. Bibi akazipekua moja moja. Alipofika kwenye cheti cha Luningning akakifuta kwa kitambaa chake cha kichwani, macho yamelowa. Ndipo akamkabidhi bahasha.

Crispulo akaipasua. Ndani mlikuwa na pasipoti yake, kurasa zote, rangi safi kabisa, imepigwa plastiki.

"Hii ni kopi!"

"Ndiyo. Ya asili nimeipeleka kituo cha polisi, pamoja na majirani wote uliowasaidia. Niliwapa kopi kwanza, wakaikataa. Kumbe ulisema kweli, mwanangu, ofisi zinataka za asili." Akazikusanya zile hati za watu, akainuka. "Wamesema uifuate mwenyewe."