Sabuni Yangu na Daktari wa Kwenye Riwaya

Jamani, leo nimeaibika. Tena nikiwa nimesimama wima, sauti nimeipandisha mwenyewe!

Mnajua sabuni imekuwa hadithi hapa Musoma. Maduka yanauza rafu tupu. Basi nikapika yangu: mafuta ya ng'ombe kutoka kwetu Butiama, kostiki, ile dawa kali ya kugandishia sabuni, kutoka kwa mama mmoja wa Bunda. Vipimo? Nilikadiria. (Mimi nafundisha Kiswahili, si kemia.)

Leo mchana ikawa imeganda. Nyeupe! Nikaitazama, nikaiogopa. Mume wangu, Baba Neema, aliposema anaenda kuoga, nikamkatia kipande.

"Eh! Umeipata wapi?"

"We oga tu, mume wangu."

Akatoka salama, ananukia vizuri. Nikajipongeza. Tukaongozana hadi ukumbi wa kanisa, Nyasho, pale tunapojadilianaga riwaya. Ya safari hii inamhusu daktari anayempenda mwanamke kwa dhati, lakini anamtilia kwenye chai dawa yake mpya ya malaria, bila kumwambia, aone kama inafanya kazi. Wanaume wengi walimtetea. Eti alitaka kuokoa maelfu!

Nikasimama. Nilikuwa wa moto.

"Upendo gani huo? Mwili wa mtu si maabara! Kama unaiamini dawa yako, anza kunywa wewe!"

Makofi. Nikanogewa.

"Akina mama, anayekujaribishia kitu bila kukuambia, huyo hakupendi!"

Vigelegele! Hapo ndipo nikamwona Baba Neema anajikuna shingo. Kisha anasugua mgongo kwenye kiti kama ndama kwenye mti. Kisha akafungua vifungo vya shati mbele ya mchungaji.

"Mama Neema," akaita taratibu, "ile sabuni uliitoa wapi?"

"Nilipika."

"Wewe umeshaiogea?"

Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Bado," nikasema. (Ningedanganyaje kanisani?)

Walicheka mpaka mchungaji akashikilia meza. Mwenyekiti, huku anafuta machozi, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikamwambia ninalo: yote niliyosema kuhusu yule daktari ni kweli tupu, yaandikwe hivyohivyo.

Sasa hivi nampaka Baba Neema samli mgongoni. Kila nikichota, anataka nijipake mimi kwanza.

Mtakaocheka chekeni. Hoja siifuti.