Vitufe Vinavyozaliwa Kijani

Jumatatu, 9 Juni 1997

Ting! Nimetoka kazini, nimekunywa chai, bado naisikia. Ndivyo kompyuta ya kiwanda inavyosema ikikataa.

Ijumaa Bwana Kipngetich, meneja wetu, atachagua programu ya kupimia majani chai: yangu au ya Clifford, mwenzangu wa ofisini. Clifford anatumia vile vitufe vya kijivu vinavyokuja na mashine. Mimi naunda vyangu. Mpango: kitufe mama kimoja. Nakipa rangi, herufi na neno mara moja tu, na kila kitufe kipya kinazaliwa kimevaa. Clifford aliuliza kama tunapima majani ama tunaenda harusi. Akaongeza kwamba wazazi hawakukosea kuniita Fancy. Nilimjibu kimoyomoyo, vizuri sana.

Jumanne, 10 Juni

Vimezaliwa! Vyote kijani, kijani cha mashamba ya Kapsoit baada ya mvua. Nikigusa rangi ya mama, skrini nzima inageuka. Niligeuzageuza asubuhi yote bila sababu. Raha. Neno la kuzaliwa nimeweka Funga: ukibonyeza, dirisha linajifunga. Kuweka kilo kuna kitufe kingine, Hifadhi. Jioni nikamweleza mama. Akauliza baba wa hivyo vitufe ni nani.

Alhamisi, 12 Juni

Meneja alikuja kujaribu. Alianza kazi kama karani wa mizani, jambo ambalo haturuhusiwi kusahau. Kwenye mizani, uzito ukishasomwa, karani husema "Funga!" na mkulima hufunga gunia lake. Basi akaandika kilo, akaona Funga, akabonyeza kwa furaha. Programu ikatoweka na kilo zake. Akarudia. Ikatoweka. Nikamwonyesha Hifadhi.

"Hifadhi ni ya ndovu, Fancy. Majani yanafungwa."

Clifford alikohoa ndani ya kikombe. Meneja akasema ikitoweka tena kesho, anachukua ya Clifford.

Nina dawa. Nimebadilisha kitufe mama: Funga sasa inahifadhi. Mahali pamoja tu! Sikuona haja ya kujaribu.

Ijumaa, 13 Juni

Gunia la kwanza, safi. La pili, safi. Kisha meneja akataka kwenda kula, akabonyeza Funga ya dirisha kuu, ile ya kutokea. Ikahifadhi gunia. Akabonyeza tena. Ikalihifadhi tena. Nilisahau kwamba vitufe vyote ni watoto wa mama mmoja. Hakuna dirisha lililokubali kujifunga, na mwenye gunia la mwisho akawa na majani mengi kuliko kiwanda kizima. Clifford akachomoa waya.

Programu iliyochukuliwa ni ya Clifford, eti kwa sababu inajua kwenda nyumbani. Nikalia kidogo nyuma ya stoo. Niliporudi, meneja bado alikuwa akiitazama skrini.

"Lakini hii inafanana na shamba la chai la Julai, kijani kitupu. Clifford, weka vitufe vya huyu msichana."

Vyangu! Kwenye kila kompyuta! Clifford aliniomba kwa upole, karibu aniite dada, nimpe kitufe mama bila neno lolote la kuzaliwa. Nikasema sawa.

Diski nimeshampa. Kila kitufe atakachounda kuanzia sasa kitazaliwa kijani, kimeandikwa Fancy. Ni mahali pamoja tu. Sikuona haja ya kujaribu.