Jinsi Nilivyoinyamazisha Redio ya Spika

Jumatatu, 3 Machi

Nimetangaza vita na redio.

Mimi ni mkaguzi wa mishono kwenye karakana ya sare za shule. Cherehani kumi na nne, pasi tatu, redio moja. Hakuna kasoro inayonipita. Hakuna! Sindano ikiruka mara moja kwapani mwa blauzi, mimi nishaiona. Nina usonji, na macho haya yamekuja nao. Masikio nayo yamekuja nao, na hapo ndipo balaa. Cherehani nazivumilia, zina mpangilio. Redio haina. Inacheka, inapiga honi, inatangaza sabuni. Ikifika saa nne kichwa kimejaa, nakimbilia stoo. Wiki iliyopita mara kumi na moja. Msimamizi anahesabu. Kasema Ijumaa kuna kikao: ama nitulie mezani, ama ukaguzi apewe mtu mwingine.

Dada (tunaishi pamoja, ni mkubwa wangu na hanisahaulishi) kasema niwaambie tu kwamba redio inaniumiza. Niwaambie! Mtu mwenye akili kama yangu? Nimechomoa betri nikazificha kwenye kopo la vifungo.

Mwenye redio ni fundi wa makoti, tunamwita Spika. Alipoona redio imekufa, akaimba mwenyewe. Hadi saa kumi. Beti zote.

Jumanne, 4 Machi

Betri nimezirudisha. Redio angalau haikosei maneno.

Mbinu ya pili: pamba masikioni. Raha iliyoje! Saa tano karakana ikatulia kabisa. Nikakagua sketi arobaini bila kuinua kichwa, najipongeza. Kuinua kichwa, hakuna mtu. Kumbe kengele ya moto imelia, ni zoezi, wote wako uani kwenye mstari, wanahesabiwa mara ya tatu, na anayepungua ni mimi. Msimamizi kaniambia neno moja tu: Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi

Barua isiyo na jina. Nimeandika kwamba wataalamu wamethibitisha redio inalegeza uzi. Nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi kabla ya mtu kufika. Kazi safi.

Saa tatu msimamizi akaja moja kwa moja mezani kwangu, barua mkononi. Nikaruka kimanga. Akauliza ni nani mwingine hapa ndani anayepiga mstari wa pembeni kwa rula na kuipa kila sentensi namba. Zilikuwa kumi na saba. Ila ule mstari ulinyooka, hilo hata yeye hakulipinga.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Sitaficha, shajara ni yangu mwenyewe.

Kulikuwa na mpira, Spika akaongeza sauti. Watu wakashangilia, redio ikashangilia, pasi zikafoka mvuke. Nikajikuta chini ya meza ya kukatia, nimeziba masikio, najitikisa, machozi yananitoka. Wakaja kuchungulia. Mama Vifungo, yule anayeshona vifungo, akawafukuza wote, akakaa sakafuni karibu yangu bila kunigusa wala kuniuliza kitu. Sijui alijuaje.

Nikitoka kazini huwa nampitia mshauri nasaha, kila Alhamisi tangu mwaka jana niliposhindwa kutoka kitandani wiki tatu. Kasema kilichonilaza wakati ule si usonji, ni kuuficha kutwa nzima. Akauliza mbinu zangu zinanichosha kiasi gani. Nikasema si sana. Kisha nikasinzia kwenye kiti chake.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu ya nne, bora kuliko zote: Dada aje kikaoni awe msemaji wangu. Nikikohoa mara moja, aseme usonji. Mara mbili, aseme redio.

Dada akaja. Karakana nzima imekaa. Nikakohoa. Akanipa maji. Nikakohoa mara mbili. Akanipa maji tena, msaliti mkubwa! Msimamizi akaanza kueleza kwamba ukaguzi utachukuliwa na Spika. Spika!

Nikasimama. Macho yangu kwenye kalenda ya ukutani. Nikawaambia nina usonji. Redio hainiudhi, inaniumiza, kama pasi ya moto. Stoo siendi kwa uvivu, naenda kupata nafuu ili nirudi kazini. Naomba izimwe mpaka mapumziko ya chai, na nipate dakika kumi za stoo bila kuhesabiwa. Halafu nikamwambia Spika kwamba mfuko wa kushoto wa koti alilovaa umeshuka nusu sentimita. Akatoa tepu, akapima. Nusu sentimita.

Spika akasema siku zote alidhani nachukia nyimbo zake. Ningemwambia siku ya kwanza, angezima siku ya kwanza. Mama Vifungo akasema yeye ana miaka sita kichwa kinamuuma kwa redio hiyo, ila aliona aibu kusema. Msimamizi akaandika yote, na akayapa namba.

Nimebaki na meza yangu. Dada alilia njiani akasingizia vumbi. Najivunia jamani, najivunia mpaka kifua kinabana. Mimi! Kwa mdomo wangu!

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi ya sauti za cherehani tu. Stoo mara moja, dakika saba.

Nimetafakari ushindi wangu na nimeijua siri yake. Ni ile barua. Sentensi ya kumi na moja hasa.

Mama Vifungo kaja kuninong'oneza. Kiti chake kinamvunja mgongo, je, naweza kumsemea kwa msimamizi? Nikacheka. Nikamwambia aseme mwenyewe, waziwazi, ni sentensi tatu tu, msimamizi hang'ati mtu. Akaenda, akapata kiti. Watu wengine bwana, jambo dogo wanalizungusha wee!

Sasa taa ndefu iliyo juu ya meza yangu imeanza kuwaka na kuzimika. Inanichoma macho. Dada kasema niwaambie tu.

Niwaambie! Ngazi nimeshaiazima. Na barua iko tayari: wataalamu wamethibitisha mwanga huu unapausha sare. Safari hii nimeandika kwa mkono wa kushoto na mstari wa pembeni sikupiga. Namba zimebaki, maana bila namba haisomeki.