Mjumbe Mwenye Nyuzi Mbili

Itangazwe kote, na waliokuwa wakilia kwenye viti vya nyuma wafute machozi: tamthilia ya Kijerumani hatimaye imeeleweka. Idara ya Jimbo ya Mahusiano ya Wahusika ilitoa taarifa hiyo Jumatatu asubuhi, mbele ya waandishi wa habari na sinia la keki ya tufaha. Kompyuta ya Idara ilikuwa imesoma tamthilia zote za karne tatu kwa mkupuo mmoja, bila kutoa chozi na bila kusukumana kwenye foleni ya choo wakati wa mapumziko.

Matokeo yalikuwa mchoro. Kila mhusika alikuwa nukta. Wahusika wawili wakikutana jukwaani, kompyuta iliwafunga kwa uzi. Walichoambiana hakikuhesabiwa, kwani maneno, alieleza Mkurugenzi, Dokta Hartmut Quandel, "huleta hisia, na hisia hazina kipimo kilichoidhinishwa." Kilichohesabiwa ni nani alikuwa na nani. Mwenye nyuzi nyingi ni mtu wa maana. Mwenye nyuzi pungufu ya tatu ni mzigo kwa mlipa kodi, na kuanzia msimu huu ataondolewa jukwaani kwa heshima zote.

Wiebke Lührs aliisoma taarifa hiyo jikoni, mkono mmoja ukiwa na gazeti na mwingine ukimlisha uji bintiye Jette, ambaye alikuwa akiutema kwa utaratibu mzuri. Wiebke alikuwa mjumbe katika jumba la maigizo la manispaa ya Brackenstedt. Si mjumbe wa kamati, la. Kila mfalme anayepigana vita katika tamthilia zao huhitaji mtu wa kuingia mwishoni, matope mpaka magotini, aseme tumeshindwa, maana vita yenyewe haienei jukwaani. Mtu huyo alikuwa yeye. Alikuwa akiingia na matope yake, watu wa viti vya mbele wanakunja miguu.

Msimu huu ilikuwa tamthilia ya Mfalme Otwald. Baba wa mfalme ameuawa hata kabla pazia halijafunguka, maiti yake imelazwa katika jeneza wazi katikati ya jukwaa, na haizikwi mpaka kisasi kilipwe. Mwishoni mfalme anabaki peke yake na maiti, Wiebke anaingia, anasema lake, mfalme anakunywa sumu, pazia linashuka, watu wanakwenda kula.

Sasa, mikataba ya waigizaji kule ni ya mwaka mmoja mmoja. Asiyetakiwa msimu ujao lazima aitwe, aambiwe uso kwa uso, na barua yake itiwe saini, siku hizi na Idara, kabla Oktoba haijaisha. La sivyo, mkataba unajirefusha wenyewe. Ndiyo maana ukifika Oktoba waigizaji huogopa simu kama watoto wanavyoogopa sindano. Ya Wiebke iliita Alhamisi.

"Karibu, Bi Lührs, kaa," alisema Dokta Quandel. "Nataka uelewe kwamba wewe binafsi hatuna neno nawe. Tatizo ni nukta yako."

"Nukta yangu ina nini, Dokta?"

"Ina nyuzi mbili. Mmoja unakwenda kwa mfalme. Na wa pili..." Alivaa miwani. "Wa pili unakwenda kwa maiti."

"Lakini mimi ndiye ninayemletea mfalme habari inayomuua!"

"Kompyuta haioni habari. Inaona mtu kaingia, kakuta wawili, mmoja wao hapumui, katoka. Wewe mwenyewe ungemlipa mtu kama huyo?"

Wiebke alifikiria kodi ya nyumba na nafasi ya Jette kwenye shule ya chekechea. "Na huyo maiti je?"

Uso wa Dokta ulinawiri. "Ah, maiti! Nyuzi kumi na nane! Hakuna anayepita jukwaani bila kukutana naye. Tumempandisha daraja."

"Dokta, si amekufa?"

"Amekufa, ndiyo. Lakini ana mtandao."

Akamweleza utaratibu. Jumapili mchana, siku ya mwisho ya Oktoba, tamthilia iliyosafishwa ingeonyeshwa kwa mara ya kwanza. Pazia likishashuka, Dokta angepanda jukwaani na kuitia saini barua ya Wiebke hadharani, ili umma uone kodi yake ikiokolewa. Wiebke hakualikwa. Wenye nyuzi pungufu ya tatu walikuwa wamepigwa marufuku kukanyaga jukwaa.

"Na usidhani tunawaonea wasanii," aliongeza Dokta akimsindikiza kupitia chumba cha mapokezi kisicho na mtu. "Hata hapa nimesafisha. Mpokea simu, mgawa barua, wote walikuwa na uzi mmoja tu, wa kuja kwangu. Nimewaaga. Ofisi imetulia ajabu! Wiki ya tatu hii, hakuna aliyenisumbua na lolote."

Kwa lugha ya korido, unga wa Wiebke ulikuwa umemwagika. Jioni alipigiwa simu na Detlef, aliyeigiza maiti. "Pole, dada yangu. Mimi wameniongezea mshahara. Nilipouliza niongeze bidii wapi, wakaniambia nilale hivyohivyo."

Jumapili alimwacha Jette kwa jirani, akaenda kutoa vitu vyake kwenye kabati la jumba. Langoni alikuwa Bi Rosel, bawabu, ameegemeza sikio kwenye kile kipaza sauti kinacholeta yanayosemwa jukwaani.

"Njoo usikie maajabu," alisema Bi Rosel.

Ilikuwa sauti ya Korbinian Strobl, mfalme. "Vita imekuwaje?" Kimya. "Labda farasi wa mjumbe amechoka." Kimya. "Au... mvua?"

"Muda wote huo yuko hivyo," alisema Bi Rosel. "Pazia haliwezi kushuka mpaka afe, imeandikwa, na yule wa pazia unamjua alivyo. Watu wameshaanza kula mikate mle ndani."

Hapo simu ya langoni ikalia. Bi Rosel alisikiliza, akasema "ndiyo" mara nyingi, akakata.

"Ni wizarani. Idara ya Quandel imefungwa, tangu Jumatano! Wanampigia hapokei, wanamwandikia barua zinarudi. Wanasema aambiwe ana kwa ana kabla hajatia saini chochote. Akitia kabla ya kuambiwa, saini inasimama."

"Basi nenda umwambie!"

"Mimi niache lango? Tena nina uzi mmoja, mama, na huo ni wa kwako." Alimtazama Wiebke kuanzia viatu mpaka nywele. "Sasa humu ndani nani kazi yake kupeleka habari mbaya?"

Wiebke alikuwa ameshaanza kukimbia.

Aliingia jukwaani kwa mlango wake wa siku zote, na koti la mvua, begani alama ya uji wa Jette. Kwenye kiti cha mbele Dokta Quandel, barua mapajani, alikuwa akiandika kwa furaha: *Vifo vipya: hakuna.*

"Mjumbe!" alilia Korbinian, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Akanong'ona, "Sema chochote, dada, nimebanwa na mkojo."

"Vumilia kidogo, mfalme wangu, hii si yako." Wiebke aligeukia viti vya mbele. Sauti yake, iliyokwisha kutangaza kuanguka kwa falme nyingi, ilifika mpaka safu ya mwisho. "Dokta Quandel! Idara yako imefungwa. Tangu Jumatano."

Dokta alisimama. "Habari hii haitambuliki," alisema kwa utulivu. "Aliyeileta hana sifa za kuwepo hapo. Kama lipo jambo, niletewe na mwenye mtandao."

Ukumbi mzima ukageukia jeneza. Detlef aliketi taratibu, akajikuna pua aliyokuwa akitamani kuikuna tangu mwanzo wa tamthilia.

"Nyuzi kumi na nane," alijitambulisha. "Anasema Idara yako imefungwa, mzee. Tangu Jumatano."

Hapo hapakuwa na rufaa. Kigezo alikiandika Dokta mwenyewe. Korbinian hakungoja kuuliza vita imeishaje. Alibugia sumu yote, akafa kwa kasi ambayo haijapata kuonekana katika manispaa ile, na mtu wa pazia, aliyeridhika, akaachilia kamba. Watu walipiga makofi mpaka mikate ikawaanguka.

Kisha walikwenda zao. Dereva wa Idara naye alikuwa ameshapata habari na kuondoka na gari. Wiebke alishuka jukwaani, akamkuta Dokta peke yake katika safu ya mbele, kalamu imefunikwa, barua bado mapajani, mahali pa saini peupe.

"Bi Lührs," alisema Dokta, "wewe una uzoefu. Kwa kawaida, mtu akishaletewa habari kama hii, hufanya nini?"

"Hunywa sumu, Dokta. Lakini leo Korbinian ameimaliza." Alimsaidia kusimama. "Wewe nenda kachukue koti lako, wanataka kufunga."