Vyungu Ishirini Katika Chumba cha Baridi

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa mbegu ametugawia miche ya ngano. Mimi vyungu ishirini, Rula vyungu ishirini. (Rula ni mwenzangu kazini. Hupima kila kitu, hata chai yake.) Kila chungu na ukoo wake: hawa warefu, hawa wafupi, hawa masuke manene hadi shingo zinainama. Daktari atazichanganya koo hizo apate ngano yenye mavuno, isiyougua yote kwa mpigo. Kasema miche ikae wiki nane katika chumba cha baridi. Atakayeitunza vizuri zaidi atakuwa msimamizi wa nyumba ya kioo. Ajira ya kudumu! Nimeshamtangazia mke wangu. Kasema ataamini akiiona barua.

Jumatano, 5 Machi
Nimechungulia chumba cha baridi. Masikini ya Mungu! Vijani viwili viwili, vimejikunyata kama watoto walioogeshwa alfajiri. Mimi nimetembea dunia, mateso nayajua. Daktari kasafiri. Nikavihamishia vyungu vyangu nyumba ya kioo, nyuma ya mapipa. Rula akauliza viko wapi. Nikamwambia apime ya kwake, ya kwangu aniachie mwenyewe.

Ijumaa, 28 Machi
Mchana. Jua linapita kwenye vioo na kushuka taratibu kama asali. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Usingizi huo! Nikaona ngano imeenea mpaka mbingu inapoishia, kila suke limelaza kichwa begani mwa jirani yake, nami napita katikati, bila viatu, bila haraka. Ngano ikaniita baba. Nikaitika. Nikaamka na udongo shavuni.
Majani yangu yamefika gotini. Ya Rula, kule kwenye baridi, hata kidole hayafiki. Nimemwonea huruma, kweli.

Jumatatu, 16 Juni
Daktari karudi. Vyungu vya Rula vilitoka kwenye baridi wiki saba zilizopita, na sasa vimejaa masuke. Vyangu ni kichaka. Suke? Hata moja! Daktari akauliza kama miche yangu ilipata baridi yake. Nikasema kwa kifua mbele kwamba niliiokoa. Akavua miwani. Kisha akaeleza pole pole: ngano hii isipopitia baridi haijui kwamba wakati wa kuzaa umefika. Inakula, inanenepa, inasahau. Msimu mzima wa koo ishirini umepotea. Rula akadakia kwamba imefuata tabia za mlezi wake.
Usimamizi kapewa Rula. Mimi nimepewa kufagia chumba cha baridi. Nilipofika nyumbani mke wangu hakucheka. Ningependa angecheka.

Jumanne, 17 Juni
Sina kinyongo. Moyo wangu ni mkubwa kuliko jengo hili. Rula kaenda kutia sahihi barua yake. Nikatazama masuke yake: ndiyo kwanza yanatoa maua, vumbi la njano linaelea kwenye mwanga kama halina pa kwenda. Nikawaza. Ikiwa wiki nane za baridi zimeleta haya, je, baridi ikiongezwa?
Nimevirudisha vyungu vyake vyote katika chumba cha baridi. Kile kidude cha ukutani cha kuongeza baridi nimekizungusha mpaka kikagoma. Kupitia kidirisha naona masuke yanageuka meupe kwa barafu, yanameta, mazuri ajabu.
Namsubiri Rula mlangoni. Sijui atanishukuru kwa maneno au atalia tu.