Barua ya Gras kwa Papa Sebahire

Jumatatu, 6 Machi 2023
Herufi mpya imeingia kwenye kompyuta yangu. Nene, nyeusi, na kila moja imevaa viatu: vile vikanyagio vidogo chini ya miguu. "A" yake imesimama imara. Vita vyote vya Kivu vipite, yenyewe haihami. Wateja wa kibanda changu cha uchapaji hapa Munigi huomba "gras", yaani herufi nene kama hizi, kwa matangazo ya msiba, vibao vya shule na komunike za wakubwa. Josias, anayeandikia watu barua kwa kalamu ya Bic kwenye meza ya jirani, amesema eti inapiga kelele. Wivu tu.

Jumanne, 7
Nampenda Marcelline. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Yeye na baba yake, Papa Sebahire, walikimbia kutoka Kibumba, sasa wanaishi kambini chini ya hema. Josias naye anamtaka. Huyo na Bic yake! Nitapeleka posa kwa maandishi. Gras, saizi 48.

Tatizo: herufi zenye heshima zinakula karatasi. Nimeondoa maneno madogomadogo: "posa", "kwa upendo", "tafadhali". Hata jina langu limekosa nafasi. Yamebaki yale mazito:

PAPA SEBAHIRE. JUMAMOSI TUNAFIKA WATU KUMI. TUNAKUJA KUMCHUKUA BINTI. MJITAYARISHE.

Nimeisoma, machozi yakanilengalenga.

Jumatano, 8
Nimeipenyeza chini ya hema lao kabla hawajaamka. Mapenzi yana adabu yake.

Alhamisi, 9
Mahema kumi na moja yameng'olewa! Barua ilipita mkono kwa mkono. Nimelikimbilia godoro la Papa Sebahire, alilojitwika kichwani, ili nieleze. Mama Dancille, jirani yao, akanishika shati, akaniambia: "Papa, na weye kimbia. Karatasi ya gras ya waasi imeisha kutoka." Akanitwika sufuria yake. Nimeibeba mpaka mtaa wa Majengo. Maharagwe yalikuwa bado ya moto.

Jumamosi, 11
Wajomba zangu tisa wamefika kambini wamevaa makoti, wakakuta vigingi vitupu. Mimi nilikuwa Majengo, kwenye ua wa kanisa walikolala wakimbizi. Josias alikuwa amenitangulia: karatasi ya daftari, mistari sita, kwa mkono. Posa yake imekubaliwa. Papa Sebahire alimwambia mbele yangu: "Hii ni barua ya mutu. Mutu unaweza kumujibu. Ile ya gras haiulizi. Nimeisha kukimbia karatasi ya vile mara tatu."

Iliniuma sana. Nilitaka kukiri kwamba ni mimi. Nikasema kuna watu hawana utu kabisa.

Jumapili, 12
Nimelia, nimeoga, nimefikiri. Kosa nimeliona: karatasi ilikuwa ndogo. Nimechapisha bango la mita nne, nitalitundika mbele ya kanisa kabla Papa Sebahire hajaamka. Naomba radhi kiungwana, kwa gras. Nimefupisha kidogo tu ili maneno yaenee:

NI MIMI NILIYEANDIKA. NIMEJUA MLIPO. NAKUJA.