Chumba cha Juu kwa Chewa Mmoja

Jumanne, 8 Desemba 1970, Matrah, Omani.
Asubuhi baridi, anga safi, upepo mwembamba unatoka baharini. Nimevaa sweta mbili. Mpangaji wa chumba cha juu amehamia Sib! Kile chumba kina dirisha moja tu, na dirisha zima ni bahari. Nimepanda kukitazama mara tatu, kwa kisingizio cha kufagia. Mara ya tatu nilisahau ufagio. Ukikaa pale kimya, maji yanakuwa kama yanapumua, nawe unapumua nayo, na Unguja inakuwa hapo hapo nyuma ya mstari wa bluu. Jiografia ya Kidato cha Nne inaniambia kule ni upande wa Uajemi. Sikuisikiliza.

Tatizo ni Nasriya. Binamu yangu huyu naye anakitaka. Sasa tunalala wawili stoo, katikati ya magunia ya tende, naye anakoroma. Yeye anadai nakoroma mimi. Uongo mtupu.

Shangazi Kheiria, mwenye nyumba, amechoshwa na kelele zetu. Amesema yeye hana hamu ya chochote duniani ila chewa wa nazi kama wa kwao Malindi ya Unguja. "Nna mwaka mzima sijamtia mdomoni!" Atakayemletea chewa kabla ya Jumapili kwisha, chumba chake.

Jumatano, 9 Desemba.
Baridi imezidi, milima imevaa ukungu. Nilimkuta Nasriya amekwisha vaa buibui, kikapu mkononi, anakwenda soko la samaki. Hatari! Nikawahi kusema, kwa upole, kwamba samaki wa kununuliwa si zawadi, hapo mtu katumwa sokoni tu. Chewa wa haki ni wa kuvuliwa kwa mkono wako mwenyewe. Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akasema basi na iwe hivyo, tena angependa kuona. Nasriya akavua buibui. Hajawahi kushika mshipi maisha yake. Ushindi!

Baada ya chakula cha mchana nikakumbuka kwamba na mimi sijawahi.

Alhamisi, 10 Desemba.
Jua dhaifu, zuri. Nimenunua mshipi, ndoana, na ngisi wa chambo. Harub, kaka yake Nasriya, bado anasubiri kuitwa kazini, kwa hiyo ataongozana nasi watu wasiseme. Sharti lake: asiamshwe.

Mpango uko tayari. Mbele ya pwani, kupita soko la samaki, kuna jiwe kubwa limesimama peke yake majini. Nyuma yake maji ni meusi. Humo ndimo wanamolala chewa, nawaona nikifumba macho. Jumamosi mwezi unajaa. Nani asiyejua kwamba mwezi ukijaa, ikifika saa nne asubuhi bahari inakauka? Wangapi kwetu Unguja wamekwenda mwambani kwa miguu yao saa hiyo, ndoo kichwani, wakarudi na pweza? Nitavua viatu, nitatembea mpaka kwenye jiwe, nitatupa mshipi. Nimechora jedwali kwa wino wa rangi mbili.

Nasriya aliuliza kama bahari ya huku imekwisha lisoma. Nikaipigia mstari saa nne. Mwezi ni mmoja.

Jumamosi, 12 Desemba.
Asubuhi shwari, bahari kama kioo. Saa tatu tulikuwa pwani. Harub alijifunika kilemba usoni akalala. Nasriya akatupa mshipi wake pale pale penye mawe, bila mpango wowote. Maskini. Mimi nikapanga viatu na kikapu ukingoni, nikakaa mbele kwenye jiwe dogo kungoja maji yaondoke.

Yalikuwa mazuri mno yale maji. Kijani, halafu bluu, halafu rangi isiyo na jina. Nikawaza dirisha langu. Nikalitia pazia jeupe. Nikaweka na meza. Nikasikia ubaridi vidoleni, nikaona ni ndoto nzuri tu. Kisha magotini.

Saa nne kamili, na bahari ilikuwa imejaa! Viatu vimekwenda. Kikapu kimekwenda, na ngisi ndani yake, na jedwali juu ya ngisi. Harub ilibidi aamshwe. Alinivuta kwa ncha ya kilemba, akilalamika njia nzima ya kutoka majini kwamba sharti limevunjwa.

Nikawaacha. Nikapita soko la samaki peku, maji yananichuruzika, nikanunua chewa. Muuzaji alinionea huruma akanisafishia bure. Nikamtia ndoana mdomoni. Kazi safi!

Shangazi alipomwona machozi yalimlenga, akaniita mwanangu kipenzi. Chumba kilikuwa changu, nilikwisha lisikia pazia likipepea. Kisha akampasua, au alitaka kumpasua. Akanitazama. Akauliza: "We Rahila, huyu alikuwa akiogelea bila matumbo?" Nikamweleza kwamba miezi ya baridi samaki hula kidogo sana.

Hapo ndipo Nasriya alipoingia na chewa mdogo, anarusha mkia bado. Kasema maji yalipojaa, samaki walimfuata wenyewe mpaka penye mawe. Kwa mkono wa pili alishika kiatu changu kimoja.

Jumapili, 13 Desemba.
Mawingu membamba, baridi tamu. Tumewala chewa wote wawili kwa nazi. Shangazi alikula macho kafumba, na mimi nikasahau kununa. Nasriya amehamia juu. Aliniambia nipande kutazama bahari wakati wowote nipendao, nikapanda, nikakaa mpaka magharibi. Hapo juu ndipo nilipoona kosa lilipokuwa. Mwezi wa jana ulikuwa haujaiva sawasawa! Mwezi mwandamo hautakuwa na ubishi. Jumatatu tarehe 28, saa nne asubuhi, bahari itakauka. Nimemwambia Nasriya tushindanie chumba upya, safari hii kwa pweza. Amekubali upesi mno. Ameingiwa na hofu, bila shaka.

Jedwali jipya tayari, wino wa rangi tatu. Nilisinzia kidogo juu yake, nikaamshwa na mkoromo mkubwa hapa stoo. Nasriya yuko juu, kwa hiyo sauti yake inapenya dari. Nalala sasa, saa tano na robo.